Kinachobaki Funzo Likishatolewa

Katika Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, hadithi ninayoirudia kila mara si ile iliyokipa kitabu jina. Ni "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad. Mzee Mambo, mkubwa anayelipwa na serikali bila kazi ya kueleweka, anafanya sherehe kwa sababu mtoto wake anaanza nasari. Magari ya serikali yanabeba shehena ya sherehe, DJ analipwa kwa fedha za umma, na watu wanamiminika kula. Katikati ya shamrashamra hizo wapo Sasa na Mbura, wakubwa wawili wasaidizi, ambao kazi yao pale ni kula. Wanakula huku wakizungumza kuhusu kula: nani anammaliza nani, chakula kinawamaliza wao au wao ndio wanaokimaliza, na wanachokila ni chao au cha wengine.

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyonishika. Sasa na Mbura wanajua wanachofanya, na wanakijua kwa undani kuliko mwanaharakati yeyote ambaye angeweza kusimama jukwaani kuwahutubia. Wanajua, wanasema, halafu wanaongeza sahani. Mwandishi hakutuletea mtu mwema wa kuwakosoa. Aliwaachia wenyewe waseme hadi wafike mwisho wa maneno yao, na mimi msomaji nikabaki nao mezani, nikijiuliza ni sherehe ngapi nimekula nami bila kuuliza aliyelipa ni nani.

Hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyokipa kitabu jina inazungumzia jambo hilohilo kwa njia tofauti. Pale Madongoporomoka kuna mkahawa wa Mzee Mago, kibanda cha watu wanyonge wanaokutana kula na kuzungumzia hofu yao kwamba ardhi yao itachukuliwa. Siku moja linaingia jitu la miraba minne. Linaagiza, linakula chakula chote kilichokuwapo, linalipa, na kuahidi kurudi kesho kula zaidi. Kesho yake yanafika mabuldoza na askari. Said ni fundi, na kwa kurasa chache anajenga hofu inayoshikika: lile jitu linavyokaa, linavyotoa jasho, linavyotazamwa na watu waliokuja kunywa chai ya kawaida. Lakini katika hadithi hii ulafi unatoka nje. Unaingia kwa mlango, una mwili, na unaweza kuonyeshwa kwa kidole. Kwa Salma Omar Hamad ulafi hauna mlango wa kuingilia, maana tayari uko ndani na unazungumza lugha yetu kwa ufasaha. Ndiyo sababu hadithi ya Said inanitia hasira nzuri, nayo ya Salma inaninyima usingizi.

Nimeanza na hadithi hizi mbili kwa sababu zinaonyesha swali ambalo kila mkusanyiko wa hadithi fupi za Kiswahili wa miaka hii unaniuliza: funzo likishatolewa, kinabaki nini? Hadithi nyingi tunazozisoma zimechapwa ili zifundishwe. Hilo si siri wala si aibu, na bila shule pengine tusingekuwa nazo kabisa. Lakini msomaji anayezisoma akiwa mtu mzima, kwa hiari yake, bila karatasi ya mtihani mbele yake, anagundua kuwa baadhi zinakwisha pale funzo linapotajwa na nyingine zinaanzia hapo.

Historia fupi inasaidia kuelewa tulivyofika hapa. Kwa muda mrefu hadithi fupi ya Kiswahili iliishi kwenye magazeti na redio. Mambo Leo, jarida lililoanza Tanganyika mwaka 1923, liliwazoesha wasomaji hadithi za kurasa chache. Baadaye Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliendesha mashindano ya uandishi wa hadithi fupi, na Longman ikazikusanya baadhi katika vitabu kama Mapenzi ni Kikohozi na Pavumapo Palilie. Vilikuwa vitabu vya watu wengi: kila hadithi na mwandishi wake, wengine wakiandika mara moja tu na kurudi kwenye kazi zao. Kwa hiyo mtindo wa kuchanganya waandishi katika jalada moja haukuanza na shule. Shule iliurithi, ikaupa soko la uhakika.

Soko hilo ni Kenya. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza Kidato cha Nne, karatasi ya tatu ya Kiswahili ni ya fasihi, na mkusanyiko wa hadithi fupi unasimama pamoja na riwaya na tamthilia kama kitabu teule. Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Ken Walibora na Said A. Mohamed na kutolewa mwaka 2007, ulisomwa hivyo. Ukafuatiwa na Tumbo Lisiloshiba, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuchapwa na Longhorn mwaka 2016, kisha Mapambazuko ya Machweo. Kitabu kikishateuliwa kinasomwa nchi nzima, kutoka Lamu hadi Lodwar, na kizazi kizima kinawajua wahusika wake, akina Mzee Mago, Fikirini na Penina, kama majirani. Sijui lugha nyingine ya Kiafrika ambayo hadithi zake fupi zina wasomaji wengi hivyo wa umri mmoja kwa wakati mmoja. Hiyo ni neema, na waandishi wanaopata nafasi hiyo wanastahili kupongezwa.

Upande wa Tanzania mambo yamekuwa mengine. Vitabu ambavyo mwanafunzi wa sekondari hubeba kwenda kwenye mtihani wa fasihi vimezoeleka kuwa riwaya, tamthilia na diwani: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Ngoswe, Wasakatonge. Mkusanyiko wa hadithi fupi haukupata kiti pale. Matokeo yake ni kwamba simulizi fupi za mitaani zilichukua sura ya mfululizo. Magazeti ya burudani ya Global Publishers yalijenga wasomaji wengi kwa hadithi za Eric Shigongo zilizokatwa wiki kwa wiki, na leo kazi hiyo imehamia Facebook na makundi ya WhatsApp, ambako msomaji hulipia sehemu inayofuata kwa simu. Hadithi ya mfululizo ina sanaa yake, nami nazisoma. Lakini inataka msomaji asiondoke, kwa hiyo inamwekea tukio jipya kila inapokatika. Hadithi fupi inataka kinyume chake: iishe, na ikishaisha ikukalie.

Kuna jambo la kushangaza katika mgawanyo huu. Mohammed Khelef Ghassani, aliyeandika "Mame Bakari" ya Tumbo Lisiloshiba, ni mzaliwa wa Pemba na mwandishi wa habari wa Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle kule Bonn. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Mabati-Cornell kwa mashairi yake, N'na Kwetu. Said Ahmed Mohamed ni wa Unguja. Hata hivyo kijana wa Kakamega au Machakos, kwa sababu ya mtihani, pengine anazijua hadithi zao kuliko kijana wa Wete au Mjini Magharibi. Kiswahili cha visiwani kinafundishwa bara la Kenya kupitia hadithi fupi, na watoto wa huko wanajifunza humo maneno ya bandarini na ya mashamba ya karafuu ambayo hawatayasikia kwao. Napenda hilo. Nalipenda kuliko hotuba zote kuhusu umoja wa lugha yetu.

Tatizo ni namna tunavyozisoma. Nina nakala ya mitumba ya Tumbo Lisiloshiba, niliyoinunua kwa muuzaji anayetandaza vitabu chini barabarani. Mwenyewe wa kwanza aliijaza maandishi ya penseli. Pembeni mwa kila ukurasa ameandika "tashbihi", "takriri", "jazanda", "maudhui: ufisadi", "maudhui: nafasi ya mwanamke". Penye maneno ya mhusika amechora mabano na kuandika "dondoo", maana anajua ataulizwa aeleze muktadha wa dondoo kwa alama nne. Ni kazi ya mwanafunzi mwenye bidii. Lakini katika "Mame Bakari", pale Sara anapojifungia na hofu yake, penseli haijaandika neno la mbinu. Imepiga mstari mmoja mrefu pembeni mwa aya nzima, na mkono uliopiga mstari huo ulikandamiza hadi karatasi ikabonyea. Huyo naye alisoma. Kwa ukurasa mmoja aliacha kuutumikia mtihani.

Naomba nikae kidogo na "Mame Bakari", kwa kuwa hapo ndipo hisia zangu kuhusu mikusanyiko hii zinapokutana zote. Sara ni mwanafunzi. Usiku mmoja anabakwa na mtu asiyemjua, na anapata mimba. Ghassani hakukaa sana kwenye tukio lenyewe. Alikaa kwenye kichwa cha Sara: baba atasema nini, mama atakaa vipi mbele ya watu, mwalimu mkuu atamfukuza kwa maneno gani, wenzake shuleni watamtazama kwa jicho lipi. Kila mmoja anapewa sauti ndani ya hofu ya msichana huyu kabla hajafungua kinywa. Anakimbilia kwa rafiki yake Sarina, anajificha. Na tunapofika mwisho tunakuta kuwa wazazi wamejua kitambo kupitia Beluwa, mtumishi wa kina Sarina, na hawakumtupa mtoto wao. Baba yule wa kutisha aliyejaa kwenye mawazo ya Sara hakuwahi kuwapo.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona mwisho huo ni mwepesi mno, kana kwamba mwandishi alimhurumia mhusika wake. Sioni hivyo tena, na sababu ni kule kuisoma bega kwa bega na "Shogake Dada Ana Ndevu" ya Alifa Chokocho katika jalada hilohilo. Safia ni msichana anayesifiwa na wazazi wake kwa adabu na masomo. Ana shoga, Kimwana, anayekuja amejifunika vizuri, na wanajifungia chumbani kudurusu. Mdogo wake anaona na anasema: shoga yake dada ana ndevu. Wazazi hawataki kusikia. Safia anapata mimba, na anakufa katika jaribio la kuitoa. Kama ufundi, hadithi hii haina kasoro kubwa. Kile kichwa kinachekesha mpaka kinapokuja kuuma, na kumpa mtoto mdogo ukweli ambao wakubwa wameufumba macho ni uamuzi mzuri sana. Lakini kila ninapoifunga nina hasira na mwandishi. Safia anakufa ili wazazi wafunzwe. Hakupewa nafasi ya kuwaza, wala ukurasa mmoja wa hofu kama ule wa Sara. Tunamjua kwa macho ya wazazi wake, na kwa hiyo kifo chake ni hasara yao zaidi kuliko yake.

Ukishaiona tofauti hiyo hutaacha kuiona. Wasichana wenye mimba wamejaa katika mikusanyiko ya shule. Ndiyo mada iliyo karibu na darasa, na walimu wanaitaka kwa sababu inawagusa wanafunzi walio mbele yao. Sela wa "Kanda la Usufi" ya Rayya Timammy ni mmoja wao. Christine wa "Samaki wa Nchi za Joto" ni mwingine, ingawa yeye ametoka mbali kidogo: ni hadithi ya Doreen Baingana wa Uganda, kutoka kitabu chake cha hadithi za Entebbe cha mwaka 2005, iliyoingia Damu Nyeusi kwa Kiswahili cha Clara Momanyi. Christine ana uhusiano na Peter, mzungu anayesafirisha samaki wa mapambo kwenda nje, naye anapata mimba. Hadithi haimhukumu. Inamwacha aone mwenyewe kwamba katika nyumba ile yeye na samaki wana thamani ya aina moja. Kwangu mimi ndiyo hadithi kubwa kuliko zote za Damu Nyeusi, na sishangai kwamba haikuandikwa kwa ajili ya darasa.

Kisha, katika Mapambazuko ya Machweo, anakuja "Sabina" wa Winnie Nyaruri Omae. Sabina ni mtoto wa msichana aliyepata mimba akiwa shuleni. Amelelewa na jamaa kwa kazi nyingi na maneno makali, na anafaulu mtihani wakati wengine wanapanga kumwoza. Ninaweza kuukosoa mwisho wake, ushindi wake ni mnono kupita kiasi. Lakini angalia tulikotoka. Safia alikufa na mimba yake. Sara alizaa na akapokelewa. Hapa yule mtoto mwenyewe, ambaye katika hadithi za zamani alikuwa aibu isiyo na jina, ndiye mhusika mkuu. Hakuna mhariri aliyepanga safari hiyo. Waandishi tofauti, kila mmoja kwake, wamesukuma mpaka mbele hatua moja moja, na msomaji anayevisoma vitabu hivi kwa mfululizo ndiye anayeiona safari nzima. Mwanafunzi anayefanyia mtihani kitabu kimoja tu hataiona.

Hadithi nyingine inayonigusa kwa sababu ya mahali ilipowekwa ni "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro, iliyomo Tumbo Lisiloshiba. Samueli amefeli mtihani. Anakwenda kuchukua matokeo, anamdanganya baba yake, ukweli unajulikana, na kijana anaelekea kwenye bwawa kujiua kabla ya kuokolewa. Hadithi hii ilisomwa na maelfu ya watoto waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani uleule unaoweza kuwafikisha alipofika Samueli. Sijui mwalimu aliisomaje darasani bila sauti yake kutetemeka. Kuweka hadithi ile ndani ya kitabu teule ulikuwa uamuzi wa kiutu wa wahariri, na nadhani Chokocho na Kayanda hawajasifiwa vya kutosha kwa hilo. Waliiweka pia "Mwalimu Mstaafu", ambayo Kayanda aliiandika mwenyewe, ambamo Jairo, mwanafunzi aliyefeli, anapanda jukwaani siku ya kumuaga Mwalimu Mosi na kumlaumu hadharani kwa kumjaza maneno ya matumaini. Katika kitabu kimoja cha shule, hadithi mbili zinaiuliza shule imefanya nini na walioanguka.

Upungufu unaonichosha ni mwingine. Ni majina. Mashaka ana mashaka, na jitu ni jitu. Najua utaratibu huu una mizizi katika ngano zetu na katika tamthilia za miaka ya 1970 na 1980, na mtahini anaupenda kwa kuwa unampa swali. Lakini jina linalomweleza mtu kabla hajatenda linamfungia mlango. Mashaka wa Ali Abdulla Ali katika "Ndoto ya Mashaka" ni mtu ambaye ningependa kumjua zaidi. Alilelewa na Biti Kidebe, akamwoa Waridi, akajaliwa watoto wengi katika chumba kimoja Tandale, kisha mke na watoto wakaondoka kwenda Yemeni. Hebu fikiria chumba kile asubuhi ya kwanza bila sauti za watoto. Hadithi ina chumba hicho mkononi, lakini jina la mwenye chumba limeshatuambia matokeo, na tunasoma tukisubiri shida ifike badala ya kumtazama mtu.

Kwa upande huo Ken Walibora alikuwa na mkono mwepesi zaidi. Fikirini wa "Damu Nyeusi" amekwenda kusoma Marekani, na kila siku anakumbana na ubaguzi: polisi, walimu, watu wa barabarani. Anapomwona Fiona, msichana Mmarekani mweusi, anahisi amefika kwa watu wake. Fiona ndiye anayemtega ili aibiwe. Walibora, aliyewahi kuishi na kusoma Marekani, hakuandika hadithi ya ubaguzi wa wazungu tu, ingawa angeweza, na ingepata alama. Aliandika kuhusu imani kwamba rangi inatosha kuwa undugu, na namna imani hiyo inavyovunjika. Katika "Nizikeni Papa Hapa" alirudia jambo lenye uzito huohuo karibu na nyumbani. Otii, mchezaji wa mpira aliyeugua, anaomba azikwe hukohuko alikoishi. Watu wa kwao wanakataa, wanakodi magari kupeleka maiti kijijini, na njiani ajali inaua wengine. Walibora alifariki mwezi Aprili 2020, baada ya kugongwa na matatu jijini Nairobi. Siwezi tena kuisoma ile safari ya mazishi bila kumkumbuka, na sidhani kama ninatakiwa kujaribu.

Kicheko nacho kinahitaji nafasi yake, kwa kuwa maswali ya mtihani huwa hayakigusi. "Masharti ya Kisasa" ya Chokocho ni hadithi ya Dadi, mchuuzi wa samaki wa baiskeli, aliyekubali masharti ya mkewe Kidawa: kazi za nyumbani kwa zamu, mtoto mmoja basi. Anayafuata, na moyoni yanamla. Wivu unampeleka usiku kupanda juu ili achungulie dirishani, na anaanguka. Kila mara nikifika pale ninacheka, na kila mara nikimaliza kucheka ninamwonea huruma. Chokocho huyuhuyu aliyemnyima Safia nafasi ya kufikiri amempa Dadi nafasi tele, na Dadi ni mtu mzima mwenye samaki, baiskeli, kengele, hofu na mapenzi. Ndiyo maana siwezi kumpima mwandishi kwa hadithi moja.

Na hapo ndipo hoja yangu kubwa ilipo. Mkusanyiko wa waandishi wengi unatupa sauti nyingi, lakini hautupi mwandishi. Unamwonjesha msomaji kila mmoja, na hakuna hata mmoja anayemkalia. Said Ahmed Mohamed ni kati ya wachache walioweza kutoa vitabu vya hadithi fupi vya peke yao: Si Shetani si Wazimu mwaka 1985, Sadiki Ukipenda mwaka 2002, Arusi ya Buldoza mwaka 2005. Ukivisoma kwa mpangilio unaona jambo ambalo hadithi moja katika kitabu cha shule haiwezi kukuonyesha. Buldoza linalofika Madongoporomoka si la bahati mbaya. Kwa miaka mingi Said alikuwa akirudi kwa wale wasio na ardhi na wale wenye mashine, akibadilisha mtindo, mara uhalisia, mara ndoto, mara mizimu inayokunywa na walio hai kama katika "Gilasi ya Mwisho Makaburini". Mwandishi anapopewa kitabu kizima, wasiwasi wake unaonekana, na msomaji anapata mtu wa kushindana naye.

Gabriel Ruhumbika naye alitupa mkusanyiko wake, Uwike Usiwike Kutakucha, mwaka 1978. Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, anakumbukwa zaidi kwa riwaya na mashairi, lakini hadithi fupi kama "Mayai Waziri wa Maradhi" zinaonyesha angeweza kuwa bwana wa uwanja huu kama soko lingemruhusu. Soko halikuruhusu. Mchapishaji wa Nairobi anayejua kuwa kitabu cha waandishi wengi kina nafasi ya kuteuliwa hawezi kwa urahisi kuweka fedha kwenye kitabu cha mwandishi mmoja kitakachoshindana na vile vya mitumba barabarani. Simlaumu. Ninalaumu zaidi mazoea yetu sisi wasomaji watu wazima, tunaoacha kununua hadithi siku tunapomaliza Kidato cha Nne, kisha tunashangaa kwamba waandishi wanawaandikia watoto.

Ishara za mabadiliko zipo. Tuzo iliyoanza kama Mabati-Cornell mwaka 2014, na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, inapokea hadithi fupi pamoja na riwaya na ushairi, na imewapa waandishi wasio na jina sababu ya kumaliza miswada yao. Mwaka 2023 ulitoka Marekani mkusanyiko No Edges, wa maandishi ya Kiswahili yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza, ukiwaweka pamoja Kezilahabi, Katama Mkangi, Clara Momanyi, Lilian Mbaga, Fatma Shafii na wengine. Nilifurahi kuona majina hayo yamekaa pamoja. Na nilipata uchungu pia, kwa kuwa mkusanyiko wa namna hiyo, wa watu wazima, usio na maswali ya marudio nyuma, uliochaguliwa kwa ladha ya wahariri bila kuangalia silabasi, ungefaa utoke kwetu kwanza na kwa lugha yenyewe.

Wachapishaji wakinisikia, ombi langu ni dogo. Mchukueni mmoja kati ya hawa ambao shule imetuonjesha, mwambieni aandike hadithi kumi bila hofu ya mtahini, mzichape kwa karatasi ya bei ya chini, na mziuze kwenye stendi za mabasi na vivuko vya feri, mahali ambapo watu wazima wana nusu saa ya kusubiri. Mimi ningeanza na Salma Omar Hamad. Nataka kujua Sasa na Mbura wanazungumza nini wakifika nyumbani, wake zao wanapowauliza kama wameshakula.